Seva ya zamani ofisini: kubaki, kununua mpya, Linux au wingu? Ulinganisho kwa wafanyabiashara wa Mwanza

"Kijana, hii mashine si inawaka? Sasa hela ya kununua nyingine itoke wapi?"

Fundi yeyote anayeingia ofisi za Nyakato, Igogo au Barabara ya Pamba amelisikia swali hilo, huku seva ya Windows Server 2012, ile kompyuta kuu inayotunza data za ofisi, ikinguruma chini ya meza ya mhasibu. Na mzee anayeuliza hajakosea. Inawaka kweli, na huenda ikawaka miaka mingine mitano. Kilichokwisha ni ahadi ya mtengenezaji ya kuziba, mwezi hadi mwezi, matundu ya usalama yanayogunduliwa ndani yake.

Njia za kutoka hapo ni nne: kubaki na kulipia viraka vya nyongeza, kuweka seva mpya ofisini, kuhamia Linux (mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows), au kupeleka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Wauzaji watakulinganishia kwa bei na kwa kasi. Mimi nitatumia swali moja ambalo wao hawalipendi: siku kitu kikikatika, iwe umeme, intaneti, fundi wako au upatikanaji wa dola, bado utauza?

Tarehe zilizopita na zinazokuja

Windows Server 2003 iliachwa tarehe 14 Julai 2015. Windows Server 2008 na 2008 R2 zikafuata 14 Januari 2020, kisha 2012 na 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Wenye 2016 wasijione wamepona, mwisho wake ni 12 Januari 2027. Kanzidata, yaani programu za kutunza na kutafuta data, nazo zina kalenda yake: SQL Server 2014 iliishia 9 Julai 2024, na ya 2016 inaishia 14 Julai 2026. Exchange 2016 na 2019, zile za barua pepe, zilifungwa siku moja na Windows 10, yaani 14 Oktoba 2025. Hata waliokimbilia Linux mapema hawana kinga: CentOS 7, iliyokuwa imejaa kwenye seva za tovuti na za ofisi, iliishia 30 Juni 2024.

Madhara ya kupuuza tarehe hizi yalionekana Mei 2017. Virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za umma za Uingereza zikiwemo, vikidai malipo kwa bitcoin. Vilipenya kwenye SMB toleo la kwanza, ile njia ya Windows ya kugawana mafaili ofisini. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo, na waliokiweka kwenye mashine zao walizilinda. Wenye Windows Server 2003 hawakuwa na cha kuweka. Microsoft iliwatolea kiraka cha dharura baada ya moto kuwaka, na hakuna anayelazimika kukutolea wewe safari ijayo.

Kabla ya seva, itazame programu

Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo, maana mipango mingi ya kuhama huharibikia hapa. Mwenye biashara hununua seva kwanza, kisha anagundua programu ya stoo iliyoandikwa na kijana fulani miaka kumi iliyopita haifunguki juu yake, na kijana mwenyewe hapatikani tena kwa simu.

Chukua daftari. Andika kila programu inayoigusa seva: uhasibu, mishahara, stoo, mizani ya kupimia mzigo, kamera, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, hata printa inayoskani na kutuma karatasi kwenye folda ya pamoja. Mbele ya kila moja andika toleo lake, nani aliiuza, na kama bado anajibu ukimpigia. Halafu ziweke kwenye mafungu matatu, kwa jinsi zinavyozungumza na seva.

Fungu la kwanza ni programu zinazofungua faili la data moja kwa moja kupitia waya wa ofisi. Programu nyingi za uhasibu zinazowekwa kwenye kompyuta, QuickBooks ya mezani ikiwa mfano unaojulikana, ziko hapa. Zinataka mtandao wa kasi usiokatikakatika. Ukilipeleka faili lao kwenye wingu na kulifungua kutoka Mwanza kupitia intaneti, utaona ankara moja ikichukua muda wa kunywa chai, na laini ikikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Ukitaka programu ya aina hii winguni, lazima na yenyewe ikae hukohuko karibu na data yake, watumiaji waingie kwa mbali na kuiona kama picha tu.

Fungu la pili ni zile zinazotuma maombi kwenye kanzidata, kama SQL Server, MySQL au PostgreSQL. Hizi zinavumilia umbali zaidi kidogo. Hapa cha kuangalia ni kama programu inakubali toleo jipya la kanzidata. Mpate muuzaji akuandikie, asikwambie kwa mdomo.

Fungu la tatu ni zinazofunguka kwenye kivinjari, kama tovuti. Hizo ndizo rahisi kuhamisha, na kama zako zote ziko hapa, nusu ya kazi imekwisha.

Daftari hilo litakuonyesha pia kitu ambacho mchuuzi wa seva hatakutajia. Windows mpya hazisakinishi SMB toleo la kwanza zenyewe, kwa sababu ileile ya WannaCry. Mashine kubwa ya kudurufu iliyonunuliwa 2010 huenda haijui lugha nyingine. Asubuhi ya kwanza baada ya kuhama, hati za mzigo zinaskaniwa na hazifiki, na watu wanasema seva mpya ni mbovu. Kabla ya siku hiyo, ibadilishe mipangilio itume kwa barua pepe au FTP ya ndani (njia nyingine ya kutuma mafaili), au mpange kununua nyingine. Usikubali fundi airudishe SMB ya zamani "kwa muda tu".

Njia nne kwa mkupuo

| Swali | Kubaki na kulipia viraka | Seva mpya ya Windows ofisini | Linux ofisini | Wingu |
|---|---|---|---|---|
| Intaneti ikikatika | Mnaendelea | Mnaendelea | Mnaendelea | Mnasimama, isipokuwa mna laini ya pili inayopita njia nyingine |
| Umeme ukikatika | UPS (betri ya akiba) na jenereta | UPS na jenereta | UPS na jenereta | Data haiguswi. Kompyuta na rauta bado zinataka umeme |
| Malipo | Ada ya viraka, mashine ileile | Mkupuo mkubwa mwanzoni | Mashine na fundi, leseni bure | Kila mwezi, mara nyingi kwa dola |
| Fundi wa kuimudu | Yupo | Yupo, rahisi kumbadilisha | Wachache, chagua kwa makini | Yupo, ila makosa yake ni ya gharama |
| Muda wa kupumua | Mfupi sana | Miaka kadhaa | Miaka 5 kwa toleo, kisha unapandisha | Mashine haikuhusu tena, mfumo ulio juu yake bado ni wako |

Jedwali hilo linadanganya kidogo, kama majedwali yote, kwa kuzipa njia nne uzito sawa. Hazina uzito sawa.

Kubaki

Microsoft huuza viraka vya nyongeza kwa miaka 3 baada ya tarehe ya mwisho. Kwa Windows Server 2012 na 2012 R2 mwaka wa tatu unaishia 13 Oktoba 2026, baada ya hapo hakuna cha kununua. Ukichelewa kujiunga, unalipia na miaka iliyopita. Ukiihamishia seva hiyohiyo kwenye Azure, wingu la Microsoft, viraka hivyo hupewi bili yake, bali unalipia kuendesha mashine. Viraka vya kulipia ni kivuko cha Kigongo kabla daraja la Busisi halijafunguliwa Juni 2025: kinakuvusha, lakini hakuna anayejenga nyumba juu yake. Vina maana pale tu ambapo mkataba wa kuhama umeshasainiwa na unahitaji miezi ya kumalizia.

Kama hulipi na bado huhami, angalau fanya jambo moja leo hii. Ofisi nyingi zimefungua mlango namba 3389 kwenye rauta ili mhasibu aingie kwenye seva akiwa nyumbani Buswelu. Mlango huo hupigwa hodi usiku na mchana na mashine za wahalifu duniani kote zinazobahatisha nywila. Ufungeni. Mhasibu apewe VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi, au aje ofisini.

Seva mpya ofisini

Kwa biashara ya kawaida ya mjini hapa, yenye jengo moja, watu kumi hadi arobaini na programu ya uhasibu ya fungu la kwanza, naiona hii kuwa njia ya kuanzia. Mtu atakayeikataa ndiye anayepaswa kuleta sababu.

Leseni ndiyo inayowachanganya watu. Windows Server Standard huuzwa kwa idadi ya viini vya prosesa, na kiwango cha chini ni 16 kwa kila seva hata kama prosesa yako ina 8. Juu ya hapo kila mtumiaji au kila kifaa kinahitaji leseni yake ya kuingia. Leseni za kuingia za 2012 hazifai kwenye seva ya 2022 au 2025. Hapo ndipo bajeti hupasuka, kwa sababu aliyeandika nukuu ya bei alihesabu mashine tu. Kama hamzidi watumiaji 25 na vifaa 50, uliza toleo la Essentials, linalouzwa pamoja na mashine na halidai leseni hizo za kuingia. Wauzaji hawalitaji mara nyingi kwa sababu faida yake ni ndogo. Na zile namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupwa, achana nazo: mara nyingi ni za mtu mwingine, na siku zikifungiwa hakuna wa kumdai.

Toleo lipi? Windows Server 2022 itapewa viraka hadi 14 Oktoba 2031. Ya 2025 ina muda mrefu zaidi na inaruhusu kupandisha moja kwa moja kutoka 2012 R2. Hata hivyo kupandisha juu kwa juu kwenye mashine ya zamani ni kuhamia nyumba mpya na kunguni wako. Mashine iliyokaa chini ya meza tangu 2014 ina diski zilizochoka na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Weka mpya pembeni, hamisha kimoja kimoja, ya zamani ibaki imesimama hadi utakaporidhika.

Sasa umeme, na hapa Mwanza ina mambo yake. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tunaukumbuka wote. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilianza kuingia kwenye gridi Februari 2024 na hali ikapungua makali, lakini kukatika kwa dakika chache kunakotokana na laini za mitaani bado kupo, na huko ndiko kunakoua kanzidata. UPS yenye kuzima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha ni sehemu ya bei ya seva. Asikwambie mtu kuwa utaiongeza baadaye.

Hatari kubwa zaidi ni radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani, na ngurumo zake hukusanyika usiku juu ya maji, wakati ofisi imefungwa na hakuna wa kuchomoa waya. Na mji wetu umekaa juu ya mawe. Fundi umeme anayetaka kupigilia fimbo ya ethi Capri Point au Igogo anagonga mwamba baada ya futi chache, anakata fimbo, anafukia, anasepa. Ethi hiyo ni pambo. Kabla ya kuleta seva ya mamilioni, mlipe mtu mwenye kipimo apime ukinzani wa ethi na aandike namba. Kama mwamba unazuia, kuna njia ya kulaza waya wa shaba kwenye mtaro mrefu na kuuzungushia udongo wenye kushika unyevu. Kinga ya radi iwekwe pia kwenye waya wa mtandao unaotoka nje ya jengo. Wengi hukinga soketi, wakasahau kebo ya kamera iliyo juu ya paa.

Linux ofisini

Samba, programu ya Linux ya kugawana mafaili na kompyuta za Windows, imeweza kusimamia akaunti za watumiaji kwa mtindo wa Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za ofisi) tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012, kwa hiyo kompyuta za Windows za wafanyakazi zinaweza kuingia kwenye seva ya Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, bila wenyewe kuona tofauti. Mafaili ya pamoja, printa, bekapu, tovuti ya ndani, PostgreSQL badala ya SQL Server: yote yanakwenda, na fedha ya leseni inabaki mfukoni. Debian na Ubuntu za muda mrefu hupata viraka kwa takriban miaka 5 kila toleo, na kupandisha toleo ni bure.

Hesabu inayosahaulika ni ya mtu. Windows ikigoma, Mtaa wa Rwagasore na viunga vyake hukosi wa kuja kesho. Seva ya Samba iliyojengwa na kijana mmoja hodari, ambaye amepata kazi Dar na hakuacha maandishi, inaweza kukusumbua kuliko hata ile ya 2012. Ukichagua Linux, kwenye mkataba andika kwamba kazi haijaisha hadi mtu wa pili aweze kuijenga upya seva nzima kwa kufuata maandishi tu, huku aliyeijenga akiwa amekaa pembeni ananyamaza. Akikataa sharti hilo, tafuta mwingine.

Pia usilazimishe. Kama programu ya uhasibu inahitaji Windows, iache kwenye Windows, Linux ibebe mafaili na bekapu. Mchanganyiko huo hupunguza idadi ya leseni bila kumkasirisha mhasibu, na mhasibu aliyekasirika anaweza kuuangusha mradi wowote.

Wingu

Kituo cha Azure kilicho karibu nasi kiko Johannesburg tangu 2019, cha AWS, wingu la Amazon, kiko Cape Town tangu 2020, na Google walifungua Johannesburg 2024. Karibu ni neno la adabu. Kutoka Mwanza data inashuka kwa Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam, kisha inaingia baharini.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi, intaneti ilizimika nchi nzima. Mwenye seva ofisini aliendelea kutoa mzigo na kuandika ankara. Mwenye kila kitu winguni alirudi kwenye daftari la kaboni, kama alikuwa nalo. Kuwa na laini mbili za kampuni tofauti husaidia kwa ajali za mtaani, trekta likichimba faiba ya mmoja. Kwa matukio kama hayo mawili laini zote huzimika pamoja, kwa hiyo mpango wa kuuza bila intaneti lazima uwepo kwenye karatasi.

Pamoja na hayo siwezi kusema wingu halifai huku. Biashara yenye matawi Geita, Bukoba na Musoma inateseka zaidi na seva iliyo Mwanza, kwa sababu kila tawi linategemea umeme na laini ya ofisi kuu. Hapo wingu linashinda, ilimradi programu iwe ya fungu la tatu, na kila tawi liwe na uwezo wa kuandika mauzo ya siku na kuyapandisha baadaye. Kuna pia vituo vya ndani ya nchi, kikiwemo kituo cha taifa cha kuhifadhi data cha Dar es Salaam, ambavyo havitegemei nyaya za baharini kukufikia. Waulize bei kabla ya kudhani kwamba wingu lazima liwe la nje.

Bili ya wingu la nje huja kwa dola na haijali shilingi imeamkaje. Mwulize mhasibu wako mapema kuhusu kodi ya zuio kwa huduma zinazonunuliwa nje. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023: taarifa za wafanyakazi na wateja zikivuka mpaka kuna masharti ya kutimiza, na wanaokusanya au kuchakata taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muuzaji wa wingu hatakukumbusha.

Kitu kimoja ningekipeleka winguni bila mjadala, hata kwa anayebakiza mengine yote ofisini: barua pepe. Kuendesha Exchange ya zamani mwenyewe ni kujitafutia balaa, na barua pepe ikichelewa nusu siku duka halifungi.

Nani achukue ipi

Duka kubwa la vifaa vya ujenzi Nyakato, jengo moja: seva mpya ya Windows, bekapu moja ofisini na nyingine nje ya jengo, barua pepe winguni. Hapo sioni haja ya mjadala mrefu.

Kiwanda cha minofu ya sangara ni habari nyingine. Soko la Ulaya linataka kila katoni iweze kufuatiliwa nyuma hadi ilikotoka, kwa hiyo kumbukumbu za mapokezi na za vyumba vya baridi zisiposomeka, tatizo linaufikia mzigo wenyewe. Wao wanahitaji seva ofisini ili mstari wa uzalishaji usisimame intaneti ikikatika, na nakala inayopanda winguni kila usiku. Gharama zote mbili. Mwenye kiwanda atakunja uso, lakini kontena moja lililokwama litamfundisha hesabu hiyo kwa bei kubwa zaidi.

Msambazaji mwenye matawi kandokando ya ziwa: wingu, baada ya kubadilisha programu, wala si kabla. Shule au zahanati yenye mafaili mengi na fedha kidogo: Linux, ikiwa sharti la mtu wa pili limetimia. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba mwenye kompyuta mbili hahitaji seva kabisa. Huduma ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi na daftari la akiba vinamtosha.

Siku ya kuhama

Kalenda ya kuhama isiamuliwe na fundi. Tarehe 7 kuna kodi ya mishahara, tarehe 20 kuna ritani ya VAT, mwisho wa mwezi kuna kuhesabu stoo. Dirisha zuri huwa ni wikendi inayofuata baada ya tarehe 20. Anayefanya biashara ya dagaa ana dirisha jingine la asili: mbalamwezi, wakati mitumbwi imepumzika na mzigo haushuki.

Mashine ya EFD ya kaunta itaendelea kutoa risiti seva ikiwa imelala. Lakini kama mnatumia VFD, ile EFD isiyo mashine bali programu, iliyounganishwa na programu ya mauzo, mtoa huduma wake lazima ajue tarehe mapema na awe hewani siku hiyo. Wiki moja kabla, rudisha bekapu nzima kwenye mashine nyingine na umwite mhasibu afungue ankara anazozikumbuka. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa ni tetesi. Na kabla ya kuanza, andikeni saa ya kurudi nyuma: ikifika saa 10 jioni ya Jumapili na mauzo ya majaribio hayajapita, ya zamani inawashwa Jumatatu, hakuna ubishi wala ushujaa.

Ya zamani isitupwe haraka. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na programu ya zamani huenda ndiyo pekee inayoweza kuzisoma. Igeuzeni kuwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu, ndani ya seva mpya, bila mtandao kabisa, iwashwe mkaguzi anapokuja. Diski zake halisi zifutwe kwa programu ya kufuta au zitobolewe kwa drili kabla kasha halijauzwa kwa mafundi wa vifaa vilivyotumika. Mishahara ya watu imo humo.